Menyu Kwanza, Picha Baadaye

Anayefungua tovuti ya mgahawa ana njaa, au ana wageni wa kuwalisha, au yuko njiani na chaji inakaribia kuisha. Anataka kujua mambo manne: kuna chakula gani na kwa bei gani, panafunguliwa saa ngapi, pako wapi, na meza au oda hupatikanaje. Zilinganishe tovuti za migahawa kwa kipimo hicho, si kwa uzuri wa rangi, na utaona ni ngapi zinazoficha majibu.

Maradhi haya yana historia. Miaka ya 2000 migahawa mingi ya Ulaya na Marekani ilijengewa tovuti kwa Flash, teknolojia ya kuchezesha picha na sauti. Mteja alipokewa na muziki, kisha akasubiri mapambo yamalize kucheza ndipo aione menyu. Mwaka 2007 iPhone ikaja bila uwezo wa kuendesha Flash, na mtu aliyekuwa barabarani akitafuta pa kula, mteja mwenyewe hasa, akaambulia ukurasa mtupu. Adobe iliacha kuihudumia Flash mwisho wa 2020, lakini tabia yenyewe haijafa. Imehamia kwenye video zinazojicheza zenyewe, na kwenye menyu iliyopigwa picha au kufungwa ndani ya PDF, ambayo kwenye simu lazima uikuze kwa vidole viwili na kuisukuma huku na huku hadi jina la chakula liachane na bei yake.

Tazama Domino's Pizza na Alinea, mgahawa wa kifahari wa Chicago. Domino's inauza haraka. Tangu 2008 mteja wake wa Marekani anaweza kufuatilia piza hatua kwa hatua, kuanzia inapoandaliwa, inapoingia kwenye oveni, hadi inapotoka kwenda kwake. Alinea inauza jioni nzima. Waanzilishi wake, Grant Achatz na Nick Kokonas, walipofungua mgahawa mwingine, Next, mwaka 2011, walianza kuuza nafasi kwa tiketi: unalipia mlo mapema, na bei hubadilika kwa siku na saa. Hapo kalenda na masharti ya malipo ndiyo moyo wa tovuti. Mbunifu anayenakili ukurasa wa mmoja na kumpa mwingine hajaielewa biashara ya yeyote kati yao.

Hata hivyo, Domino's ilifikishwa mahakamani. Mwaka 2016 mteja asiyeona aliishtaki, akisema hakuweza kuagiza kwa tovuti wala kwa programu ya simu, ingawa alikuwa na kisoma-skrini, programu inayosoma kwa sauti yaliyoandikwa kwenye kioo. Januari 2019 mahakama ya rufaa iliamua kwamba sheria ya Marekani ya 1990 inayolinda watu wenye ulemavu inazihusu pia tovuti ya Domino's na programu yake ya simu. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa ya kampuni. Kwangu hili ni jambo zito kuliko rangi zote. Picha ya menyu isiyo na maelezo ya maandishi haimwambii asiyeona chochote.

Picha ina mahali pake. The Rock, mgahawa uliojengwa juu ya mwamba baharini Michamvi Pingwe, Zanzibar, hufikiwa kwa miguu maji yakipwa na kwa mashua yakijaa. Picha moja kubwa inatosha kumvuta mgeni wa Muscat au Milano. Akishavutwa, anahitaji kuweka nafasi, kujua umbali kutoka Mji Mkongwe, na kuelezwa habari za kujaa na kupwa.

Mgahawa wa pilau na mishikaki Kariakoo hauhitaji hayo. Unahitaji menyu ya maandishi yenye bei za leo, si za mwaka juzi, namba ya simu inayopiga ukiigusa, kiungo cha WhatsApp, na alama kwenye ramani. Maandishi ya menyu nzima ni kilobaiti chache tu. Picha moja isiyopunguzwa hufika megabaiti kadhaa, na zinakatwa kwenye bando la mteja. Basi picha za sahani zipunguzwe kabla ya kupandishwa, na video ya mpishi akigeuza chapati isianze mpaka mteja aiguse mwenyewe.