Marubani na Njia Mpya za Angani

Neno rubani si geni kwetu, wala halikuletwa na ndege. Zamani za majahazi, rubani alikuwa mtu ajuaye miamba na mikondo ya bahari, ambaye humwonyesha nahodha mlango wa bandari. Siku hizi mtu akilitaja neno hilo, sisi sote twatazama juu. Lakini kazi ni ile ile: kuchukua chombo cha mtu mwingine, pamoja na roho za watu waliomo, na kukifikisha salama. Yaangalieni maneno haya, chombo cha mtu mwingine. Mwenye ndege ni kampani, nayo ndiyo iamuayo ndege iende wapi. Basi kampani ikitangaza kwamba itafungua njia mpya ya kwenda nchi ya mbali, marubani wake huionaje habari hiyo? Wengi hudhani kwamba wao hufurahi tu, kama vijana walioahidiwa safari. Sivyo kabisa.

Na tutwae mfano wa karibu. Mwaka 1946 nchi zetu za Afrika Mashariki zilianza kuwa na kampani moja ya ndege, East African Airways. Mwaka 1977 ushirika ule ulivunjika, na Kenya ikaunda kampani yake yenyewe, Kenya Airways. Miaka mingi kampani hiyo ilirusha ndege Afrika, Ulaya na Asia, lakini Marekani haikufika. Hata tarehe 28 Oktoba 2018 ndege yake iliondoka Nairobi usiku, ikaenda moja kwa moja mpaka New York pasipo kutua popote. Safari hiyo ni ya saa 15 hivi kwa kwenda, na kama saa 14 kwa kurudi.

Njia ya namna hii haifunguliwi kwa kutaka tu. Mwaka 1944 mataifa yalikutana Chicago, yakapatana kwamba anga iliyo juu ya nchi ni mali ya nchi ile. Kwa hiyo ndege ya abiria yenye safari za ratiba haiwezi kuingia kwa watu bila ruhusa. Wamarekani nao huchungua kwanza kama serikali ya nchi itokayo ndege yasimamia vema usalama wa angani. Kenya ilipata kibali hicho Februari 2017.

Baada ya ruhusa, laja jambo ambalo marubani walijua zaidi ya watu wa ofisini, nalo ni hewa. Nairobi iko juu, mita 1,600 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na hewa yenye joto ni nyepesi zaidi. Mabawa huishika hewa nyepesi kwa shida, na injini nazo hupungukiwa nguvu. Basi ndege hutaka kukimbia mbali zaidi katika kiwanja kabla ya kuinuka. Na ndege iendayo New York ni nzito kwa mafuta. Boeing 787 hutumia kama tani tano za mafuta kila saa. Zidisheni ninyi wenyewe kwa saa 15. Hiyo ni sababu moja ya kuondoka usiku, wakati hewa imepoa. Uzito ukizidi kipimo, hapana budi kupunguza mizigo au kuacha viti vitupu, na kiti kitupu hakilipi nauli. Tajiri wa kampani hutaka ndege ijae, na kapteni ajua mahali kiwanja kinapoishia. Katika jambo hili neno la kapteni ndilo la mwisho, wala hapana mkubwa wa ofisi awezaye kumlazimisha kuruka na mzigo uliopita kipimo.

Sasa tuwahesabu watu. Ndege ya safari fupi huongozwa na marubani wawili. Safari hii ya New York yataka wanne, ili wawili waongoze na wawili walale, kisha wapokezane. Tuseme ndege huondoka kila siku. Wanne waondoka Jumatatu usiku, wafika Jumanne asubuhi, walala huko, waondoka Jumatano mchana, nao wafika Nairobi Alhamisi. Wapumzika siku tatu, kisha waondoka tena Jumapili usiku. Mpaka hapo zimepita siku sita, na kila usiku mmoja katika hizo ulitaka watu wanne wengine. Sita mara nne ni 24. Mimi niliposikia hesabu hii mara ya kwanza sikuisadiki, mpaka nilipoiandika ubaoni. Marubani 24 kwa njia moja tu, na bado hatujawahesabu wagonjwa, walio likizoni na walio mafunzoni!

Hapo ndipo furaha ya marubani itokapo. Katika makampani mengi cheo hufuata orodha ya kuingia kazini: aliyetangulia kuajiriwa hutangulia kupanda. Kijana huanza kuwa msaidizi katika ndege ndogo, na juu yake wamo wengi waliomtangulia. Orodha isiposogea, aweza kukaa hapo miaka mingi, hata awe hodari namna gani. Lakini njia mpya ikifunguliwa, wa juu hupelekwa kwenye ndege kubwa, na nafasi zao hushikwa na waliowafuata. Safari moja ya Marekani humpandisha cheo hata kijana aendaye Kisumu na Mombasa tu.

Walakini njia ndefu hula mwili. Alfajiri ya New York kwetu ni mchana, maana saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa saba au nane, kwa kadiri ya majira ya mwaka. Macho hukataa kulala panapotakiwa kulala. Kwa hiyo sheria huweka mpaka wa saa za kazi na kipimo cha mapumziko, na marubani huupigania mpaka huo sana. Mtu asiyejua huweza kuwaita wavivu. Lakini msomaji, ungependa kutua katika ukungu ukiongozwa na mtu ambaye hajalala tangu jana?

Tena iko hofu nyingine, nayo ni ya ukuaji wenyewe. Yapata mwaka 2012 Kenya Airways ilitangaza shauri kubwa liitwalo Mawingu, la kuwa na ndege zaidi ya 100 kwa miaka kumi. Ndege mpya zikaja, nazo zilinunuliwa kwa mikopo. Kisha mambo yakageuka. Agosti 2013 moto uliteketeza jumba la abiria la uwanja wa Nairobi; Septemba watu waliuawa katika duka la Westgate, na watalii wakaogopa; mwaka 2014 Ebola ilizuka Afrika Magharibi, na safari za huko zikakatwa. Wakati huo huo makampani makubwa ya Ghuba yalikuwa yakichukua abiria. Madeni hayakungoja. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2015 kampani ilipata hasara ya shilingi bilioni 25.7, na baadaye ndege kubwa zikauzwa au kukodishwa kwa wengine. Ndege ikienda, cheo cha rubani wake huenda nayo, na orodha ile iliyokuwa ikipanda ikaanza kusimama. Kwa hiyo rubani wa makamo asikiapo habari za njia mpya, huuliza kwanza: fedha zatoka wapi?

Tarehe 25 Machi 2020 safari za abiria za nchi za nje zilisimamishwa kwa sababu ya korona. Mishahara ikakatwa, na kampani ikaacha kuchangia akiba ya uzeeni ya marubani. Tarehe 5 Novemba 2022 marubani waligoma, wakidai haki hizo. Maelfu ya abiria walikwama. Mahakama iliwaamuru warudi, nao walirudi tarehe 9. Kampani ilisema kwamba mgomo waharibu jitihada za kuiinua. Marubani walisema kwamba haiinuki kampani iwavunjao watu wake. Mimi naona kila upande ulikuwa na neno la kweli, ila abiria aliyelala sakafuni uwanjani hakuulizwa shauri lake.

Katika mwaka 2024 kampani ilipata faida, kama shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka zaidi ya kumi. Nusu ya kwanza ya 2025 hasara ikarudi, maana ndege kubwa tatu kati ya tisa zilikaa chini kwa kungoja injini. Njia zilikuwako, abiria walikuwako, na marubani walikuwako wamevaa tayari, lakini ndege hazikuwa na injini za kuwapeleka.