Roboti Inabonga Ngeli, Lakini Nani Anaishika?

Wasee, siku hizi kila chuo inataka kujiita ya kidijitali. Mzazi anaambiwa atoe ganji juu kuna karoboti kataingia klasi kabongeshe watoi ngeli hadi wapige kama wazungu. Stori iko fiti, lakini kwanza tucheki venye mambo iliendanga kwa wenye walitangulia.

Japani walijaribu kitambo. Roboti mbili za kuitwa Robovie, zenye zinabonga ngeli, ziliwekwa praimo kwa wiki mbili, na matokeo yakatoka 2004. Roboti ilikuwa inasoma tagi yenye mtoi amevaa, inamwita jina. Wiki ya kwanza ilikuwa noma, watoi wamejazana ka mat ya mwisho usiku. Wiki ya pili wengi washaboeka, wamerudi kwa mambo yao. Wenye waliendelea kupiga stori na hiyo mashine ndio ngeli yao ilipanda.

2010 nayo, Korea Kusini wakaleta roboti 29 kwa praimo 21 za jiji la Daegu. Ziliitwa Engkey, urefu kama mita moja, uso ni skrini. Sasa sikia ujanja: zilikuwa zinaendeshwa na maodijo wakiwa Ufilipino. Yaani mtoi anadhani anabonga na mashine, kumbe ni ticha ako mbali anapiga job.

Alafu kuna Uholanzi. Mradi wa L2TOR ulichukua watoi 194 wa miaka 5 hadi 6, wengi wao wakafunzwa maneno 34 ya ngeli. Wengine walipewa tableti pekee, wengine tableti na NAO, roboti ya sentimita 58 yenye inapunga mikono. Matokeo ya 2019? Wenye walifunzwa walishika maneno, lakini roboti na tableti zilitoka droo. Mikono ilipungwa bure.

So rada ni gani? Neno halishiki juu ya chuma. Linashika ukilirudia, ukilitumia, na ukiwa na njaa ya kushinda. Hiyo njaa iko kwa gemu, na gemu haitaki stima. Chukua Scrabble ya ngeli, gemu ya kuunda maneno: vijiwe 100 vya herufi, Q na Z kila moja pointi 10. Nairobi yenyewe ilihost mashindano ya dunia 2017, so hii si kitu ya majuu.

Lakini usikremu tu. Nigel Richards wa Nyuzilandi alibeba ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa 2015 na hiyo lugha habongi. Alimeza tu kamusi. Mtoi wako hahitaji hiyo, anahitaji kubonga.

Dawa ni sheria moja ya mbogi: hakuna pointi bila sentensi. Mtoi akiweka QUIZ, hiyo ni 22 kabla ya bonasi, wenzake wanamwambia, "Itumie ama utoe." Anakuna kichwa, anasema kuhusu quiz ya hesabu ya jana, wanacheka, wanaandika 22. Hilo neno halitoki tena.

So mzazi, odijo, kabla mchange mathao za roboti, kata karatoni, andika herufi na pointi zake, ita watoi wanne. Wakizoea kubishana kwa ngeli, hapo sasa roboti ikija itapata wasee wa kubonga nao.