Busta Isisikie Mwangwi Wake

Mtandao wa simu ukilegea ndani ya nyumba, wengi huamini dawa ni kununua busta yenye nguvu kubwa. Lakini nguvu bila utengano wa antena ni madhara matupu.

Busta ina antena mbili. Ya nje hunasa mawimbi ya mnara, mashine huyakuza, na ya ndani huyarusha kwa masafa yaleyale. Sehemu ya mawimbi hayo hupenya dari na kuifikia tena antena ya nje, yakanaswa na kukuzwa upya, mzunguko usiokoma. Ndivyo maikrofoni inavyopiga mluzi ikisogezwa karibu na spika.

Hesabu yake ni hii. Busta ya desibeli 70 hukuza nguvu ya mawimbi mara 10,000,000. Basi mawimbi yanayovuja kutoka antena moja hadi nyingine lazima yafifie zaidi ya hapo njiani, na fundi makini huongeza akiba ya desibeli 15 hivi. Utengano huo huletwa na umbali, zege, na antena kuelekezwa pande tofauti.

Mwenye nyumba haumii peke yake. Busta hukuza pia mawimbi yanayotoka kwenye simu kwenda mnarani, na mzunguko ukianza humwaga kelele huko. Mnara hushindwa kuzisikia simu za mbali zenye mawimbi dhaifu. Simu hizo huongeza nguvu, betri huisha haraka, mazungumzo hukatika. Ndiyo maana kanuni za Marekani za mwaka 2013 zinataka busta za majumbani zitambue mzunguko huo na kujizuia zenyewe.

Watafiti wamepiga hatua zaidi. Kwa kuwa kifaa kinajua mawimbi kinayoyatuma, kinaweza kuyatoa katika yale kinayoyapokea. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha redio ya Wi-Fi iliyofuta mwangwi wake kwa desibeli 110, ikatuma na kupokea kwa wakati mmoja katika masafa yaleyale.

Kwa nyumba ya kawaida, kinga ya kwanza ingali ufungaji mzuri. Kabla hujalipa, muulize fundi: antena hizi zitatengana kwa desibeli ngapi, na utapimaje? Kama utengano hautoshi, ukuzaji upunguzwe. Heri chumba kimoja kikose mtandao mzuri, kuliko mtaa mzima kukatiwa simu.