Udongo Wako Usilale Bwawani

Mkulima wa skimu za Kinangop Kusini, mto Sasumua hupita karibu na mashamba yaliyogawanywa miaka ya 1960, kisha huzuiwa na bwawa lililo karibu na Njabini. Bwawa hilo lilimalizika mwaka 1956, likainuliwa mwaka 1968, na maji yake hupelekwa Nairobi.

Maji yakienda mbio hubeba udongo. Yakifika bwawani hutulia, na udongo huzama chini. Kila msimu bwawa hupungukiwa na nafasi ya maji. Mbolea na samadi iliyosombwa hulisha ukoga wa kijani, na maji machafu huhitaji shabu nyingi zaidi kabla hayajanywewa.

Lakini usidhani hasara ni ya watu wa mjini tu. Udongo ule ndio uliokuwa ukizaa viazi na kabeji zako. Mbolea ile uliinunua kwa fedha yako.

Mto unaweza kurudishiwa afya yake. Fanya haya:

Kwanza, usilime ukingoni. Acha angalau mita 6 kutoka pale mafuriko yanapofika. Ng'oa mikalitusi, maana hunywa maji mengi, upande mianzi na miti ya kienyeji.

Pili, matuta ya viazi yakingame mteremko, yasishuke nao. Katikati ya shamba panda mistari ya majani. Majani huzuia udongo, nawe utayakata uwape ng'ombe.

Tatu, ng'ombe wasiingie mtoni. Wachotee maji uwanyweshee mbali. Samadi irundike mbali na mto, na pampu ya dawa usiioshe mtoni kamwe.

Wenye bwawa nao wana wajibu wao. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inataka maji ya kutosha yaachwe mtoni kwa mahitaji ya watu na kwa uhai wa mto. Jirani zako wa chini wana haki ya kuyapata, tena yakiwa safi.

Kazi hii haifanywi na mtu mmoja. Shamba moja likiachwa wazi juu ya mteremko, mvua moja huharibu jasho la majirani wote walio chini. Basi ingia katika chama cha watumiaji maji cha mto wenu, umwombe Bwana Shamba akupimie mistari kabla ya mvua kuanza.