Sinema za Vita na Watoto wa Askari

Sinema ni burudani ya wengi, mijini na vijijini. Lakini katika kituo cha biashara cha Kinyamaseke, kando ya barabara itokayo Kikorongo kwenda Bwera hadi mpaka wa Mpondwe, burudani hiyo yafaa kutazamwa kwa jicho la pekee. Wakazi wa upande huo wa wilaya ya Kasese hawakujifunza habari za vita katika picha. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka kutoka Kongo wakashambulia Mpondwe na Bwera, na katika miaka iliyofuata maelfu ya watu waliyahama makazi yao ya milimani. Tarehe 16 Juni 2023 Mpondwe ilishambuliwa tena: katika shule ya sekondari ya Lhubiriha waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi.

Pamoja na hayo yote, miongoni mwa sinema zilizopendwa sana nchini Uganda mwanzoni mwa karne hii zilikuwamo sinema za vita. Watoto walizitazama, na wa leo wangali wanazitazama. Kuwakataza kabisa ni kazi ngumu, hasa kwa mama aliye peke yake wakati baba yuko kazini mbali. Basi suala kubwa kwa wazazi, na hasa kwa wazazi wavaao sare, ni hili: nani atakayemweleza mtoto alichokiona?

MSIMULIZI KANDO YA PICHA

Vibanda vya video vya Uganda vina desturi yake. Picha inapoonyeshwa, msimulizi aitwaye VJ huifasiri papo hapo kwa kipaza sauti, mara nyingi kwa Kiganda. Huwapa wahusika majina ya mitaani, hutia mizaha, hucheka na wakati mwingine huonya. Kwa njia hiyo mtu asiyejua Kiingereza hupata hadithi nzima, naye hutoka ameridhika. Hata hivyo, yafaa ikumbukwe kwamba kazi ya msimulizi ni kuchangamsha watu waliolipa kiingilio. Hakuajiriwa kusahihisha historia.

MOGADISHU YA PICHA NA MOGADISHU YA KWELI

Mfano wa kwanza ni Black Hawk Down, sinema ya mwaka 2001 iliyoongozwa na Ridley Scott na kupata tuzo mbili za Oscar. Inasimulia mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, ambapo helikopta mbili za Marekani ziliangushwa mjini na askari 18 wa Marekani wakapoteza maisha. Picha zenyewe zilipigwa Morocco. Milio ya risasi, vumbi na ushupavu wa askari wasiotaka kumwacha mwenzao nyuma viliwavutia vijana wengi.

Lakini kuna mambo ambayo sinema hiyo iliyapitia haraka. Wasomali waliokufa walikuwa mamia, nao katika picha huonekana zaidi kama umati usio na majina. Askari wa Malaysia na Pakistan waliokwenda na magari ya deraya kuwaokoa Wamarekani walipewa nafasi ndogo mno, ingawa Malaysia ilipoteza askari wake mmoja usiku ule.

Miaka michache baadaye, Machi 2007, Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kupeleka majeshi Mogadishu katika kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoitwa AMISOM. Si ajabu kama mtoto aliyekwisha kuiona sinema ile alilala na hofu aliposikia baba yake anakwenda huko. Hatari ilikuwa ya kweli, na wapo askari wa Uganda waliouawa Somalia. Lakini maisha ya askari huyo hayakuwa risasi mfululizo kwa saa mbili. Alilinda bandari na uwanja wa ndege, alisindikiza misafara, na madaktari wa kikosi walitibu wenyeji. Alingoja siku nyingi bila tukio lolote. Kungoja huko hakuuzi tiketi, kwa hiyo hakumo katika sinema. Mtoto hawezi kukufahamu ila asimuliwe na baba yake mwenyewe.

AMIN WA PICHA

Mfano wa pili ni The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Kevin Macdonald na kupigwa picha kwa sehemu kubwa nchini Uganda. Forest Whitaker, aliyeigiza Idi Amin, alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume mwezi Februari 2007. Uigizaji wake unatisha na kuvutia kwa pamoja.

Vijana wengi waliozaliwa baada ya Aprili 1979, Amin alipopinduliwa, wamemjua kwa sura ya Whitaker. Yafaa waelezwe kwamba daktari Mskoti anayeitwa Nicholas Garrigan hakuwako duniani; ni mtu wa kutungwa katika riwaya ya Giles Foden, na mapenzi yake na mke wa Amin ni utunzi vilevile. Utekaji wa ndege uliofikia Entebbe mwaka 1976 ulitokea kweli. Mateso ya raia yalikuwa ya kweli pia, lakini sinema inayatazama kwa macho ya mgeni. Wazee walioishi siku zile wangalipo katika familia nyingi. Mjukuu akiwauliza, atapata yale ambayo picha haikuyagusa.

BUNDUKI ZA UBAO

Mfano wa tatu unachekesha. Mwaka 2010 Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex?, hadithi ya kapteni anayepambana na genge la wahalifu na kuuawa. Bunduki zilitengenezwa kwa mbao na vyuma chakavu. Nakala iliyosalia ni ile yenye sauti ya msimulizi VJ Emmie, ambaye kwa mizaha yake humkumbusha mtazamaji kila dakika kwamba hayo ni maigizo. Sinema hiyo ya fedha kidogo imetazamwa duniani kote, nayo ina fundisho: mtu aweza kufurahia vita vya kuigiza bila kudanganywa navyo, iwapo yuko wa kumkumbusha.

WAJIBU WA NYUMBANI

Wazazi na watazame pamoja na watoto wao inapowezekana. Picha ikiisha, waulize mambo matatu: Nani aliyeitunga hadithi hii? Nani hakupewa nafasi ya kusema? Kitu gani hakikuonyeshwa? Askari au polisi aliye likizoni naye asinyamaze, wala asijisifu. Si lazima aeleze mauaji kwa mtoto mdogo. Anaweza kueleza jinsi walivyopika, walivyokesha zamu, walivyomwogopea mwenzao mgonjwa, na jinsi alivyotamani kurudi nyumbani.

Taa ya kibanda ikizimwa, msimulizi hufunga kipaza sauti chake na kwenda zake. Mtoto hurudi nyumbani na maswali. Hapo zamu ni ya mzazi.