Umehamia nyumba mpya? Kagua LUKU kabla ya kuomba mita nyingine

Mfanyabiashara aliyepanga fremu iliyokaa muda mrefu bila mtu anaweza kukuta mita ya LUKU inakataa umeme alionunua, huku samaki wakiharibika kwenye friji.

Huenda mita si mbovu. Tangu Novemba 24, 2024, mita ambayo haikuboreshwa haipokei tokeni mpya. Ingiza kwanza tokeni mbili za maboresho, kila moja tarakimu 20, kwa mfuatano, kisha ya umeme. Ikigoma, ripoti TANESCO. Fundi wa mtaani asiifungue.

Kagua pia makato. Kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU mwaka 2021, na malimbikizo humwangukia anayenunua umeme. Mdaiwa ni mwenye nyumba. Mpangaji, tunza risiti, mkatane kwenye pango.