Koo la Mtoto na Vali za Moyo

Yanapotajwa maradhi ya moyo, mawazo yetu humwendea mtu mnene aliyevuka miaka hamsini, mwenye gari, asiyekosa nyama choma kila jioni. Si kosa kumfikiria huyo, maana chumvi nyingi, mafuta, sigara na kukaa kitako mchana kutwa ni maadui wa moyo. Lakini huko Mulago, mjini Kampala, ambako Taasisi ya Moyo ya Uganda ilianzishwa mwaka 1988, miongoni mwa wanaofika wakihema wamo vijana wasiotimiza hata miaka ishirini, ambao hawajapata kuvuta sigara. Mioyo yao iliharibiwa na ugonjwa ulioanzia kooni.

Ugonjwa huo ni homa ya baridi yabisi. Mtoto, hasa wa umri wa miaka 5 hadi 15, hushikwa na maumivu ya koo yanayoletwa na vijidudu viitwavyo streptokoki. Baada ya siku chache koo hutulia lenyewe, na nyumbani jambo hilo husahauliwa. Wiki mbili au tatu baadaye goti huvimba; likipoa, kiwiko nacho huanza, na homa haimwachi. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili, iliyokuwa ikipigana na vijidudu, humkosea adui na kuushambulia mwili wenyewe. Viungo hupona, lakini moyo huenda usipone. Vali zake, yaani vile vilango vinavyofunguka na kufungwa ili damu ielekee upande mmoja tu, hupata makovu, zikawa nzito kufunguka au zikavujisha damu nyuma. Kila homa hiyo inaporudi huongeza kovu juu ya kovu.

Dawa ya kuzuia balaa hilo ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Ikitolewa kabla ya siku 9 kupita tangu koo lianze kuuma, kwa kawaida homa ya baridi yabisi haitokei. Kweli, si kila koo linalouma lina streptokoki. Mengi huletwa na virusi vya mafua, ambavyo penisilini haviwezi. Lakini mtoto mwenye homa, koo jekundu lenye usaha, na tezi za shingo zilizovimba, tena hana kikohozi wala mafua, huyo apelekwe zahanati upesi. Jambo la kusikitisha ni kwamba wako wanaompeleka kwanza kukatwa kilimi. Wembe hauui streptokoki. Huongeza jeraha na kupoteza siku ambazo penisilini ingefanya kazi.

Na ikiwa vali zimekwisha kuguswa? Hapo ndipo habari za Gulu, kaskazini mwa Uganda, zinapostahili kusikilizwa kwa makini. Wanafunzi na vijana zaidi ya laki moja walipimwa moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ili watafutwe wale ambao ugonjwa ulikuwa umejificha bila dalili. Watoto na vijana 818 waliopatikana nao, wenye umri wa miaka 5 hadi 17, wakafuatiliwa kwa miaka miwili, nusu yao wakichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021: katika waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa 3, katika wasiochomwa, kwa 33.

Hata hivyo, sindano hiyo inauma sana, na huendelea kwa miaka, mara nyingi hadi kijana awe mtu mzima. Mtoto anajiona mzima, anacheza mpira, na kila mwezi anaambiwa aache shule akachomwe. Ni rahisi mno kumlaumu mzazi anayekata tamaa. Lakini mama aliyetembea nusu siku hadi kituoni akaambiwa dawa imekwisha, atarudi mara ngapi? Tukitaka watu watimize tarehe zao, dawa nayo haina budi kutimiza yake.

Wenye vali mbovu wana mengine ya kujua. Wamweleze mganga wa meno kabla hajang'oa jino, kwani vijidudu vya kinywani vinaweza kuingia katika damu na kukaa juu ya vali. Wale ambao moyo umeanza kushindwa na miguu kuvimba, wapunguze chumvi. Na msichana akiolewa, daktari aulizwe kabla ya mimba, si baada yake, kwa sababu mimba huongeza sana damu ambayo moyo hulazimika kuisukuma. Wako wanaogundua kwamba vali zao ni mbovu siku wanapofikishwa kwa mkunga wakiwa hawawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, na wakiulizwa kama waliwahi kuvimba magoti utotoni, wanakumbuka.